Kuipeleka kampuni nje ya nchi: mwongozo kwa kampuni za nchi zinazoendelea

Kampuni ikianza kufikiria soko la nje, mazungumzo huwa ni ya kuingia tu: tusajili wapi, tumpate nani, tufungue lini. Mimi ningeanza na swali la pesa itatokaje. Kampuni ya nchi tajiri ikikwama ugenini ina benki kubwa nyuma yake na sarafu inayopokelewa kila mahali. Kampuni ya nchi inayoendelea mara nyingi inakwenda na akiba yake yote, pamoja na mkopo wa riba kubwa, na sarafu ya kwao hakuna anayeitaka nje. Tawi likianguka linaweza kuivuta kampuni mama. Kwa hiyo hatua hizi zimepangwa kwa mtu ambaye hana nafasi ya kukosea mara mbili.

Hatua ya 1: Jua unachoweza kubeba

Kusanya watu wa mauzo, uzalishaji na fedha. Andikeni kwenye ukurasa mmoja sababu zinazomfanya mteja wa nyumbani anunue kwenu. Kisha futeni kila sababu isiyovuka mpaka: leseni ya serikali, ardhi mliyoipata kwa bei ya chini, kujuana na wakubwa, jina ambalo watu wamelizoea tangu utotoni. Kilichobaki ndicho mtaji wenu wa kwenda nao nje. Kama ukurasa umebaki mweupe, bado hamjawa tayari, na ni heri kulijua hilo kabla ya kukata tiketi.

Mara nyingi kitakachobaki ni ujuzi uliotokana na shida: kumuuzia mtu wa kipato kidogo, kufanya kazi umeme unapokatika, kufikisha mzigo kwenye barabara mbovu. Usiudharau. Transsion, kampuni ya Shenzhen inayomiliki Tecno, Itel na Infinix, haikupigania soko la China. Ililenga Afrika, ikatoa simu za laini mbili na zaidi kwa sababu watu walikuwa wanabadilisha laini kukwepa gharama ya kupiga mtandao mwingine. Ikaongeza betri za kudumu na kamera zinazozipiga vizuri ngozi nyeusi. Mwaka 2019 iliorodheshwa kwenye soko la hisa la Shanghai.

Lakini andika pia mazingira yanayoifanya mbinu yako ifaulu. Mwaka 2010 Bharti Airtel ya India ilinunua biashara ya Zain katika nchi 15 za Afrika kwa dola bilioni 10.7. Mbinu yake ya nyumbani ilikuwa kushusha bei ya simu hadi chini kabisa, watu wapige kwa wingi, na kazi ya mitambo wapewe wakandarasi. India ni soko moja lenye zaidi ya watu bilioni moja. Barani Afrika kampuni hiyo ilikuta nchi 15, wasimamizi 15, sarafu nyingi, na minara inayokunywa dizeli. Ilipita miaka ya hasara kabla mambo hayajatulia, na Airtel Africa ikaja kuorodheshwa London mwaka 2019. Bharti ilikuwa na kifua cha kuvumilia kipindi hicho. Jiulize kama wewe unacho.

Hatua ya 2: Chagua nchi kwa kuangalia mlango wa kutokea

Anza na takwimu za bure. Kituo cha Biashara cha Kimataifa, ITC, kilichoko Geneva, kina zana iitwayo Trade Map ambayo watumiaji wa nchi zinazoendelea hawailipii. Weka msimbo wa forodha wa bidhaa yako, yaani namba ambayo forodha huitumia kuitambua bidhaa, utaona nani anaagiza, kutoka wapi, na kwa thamani gani. Saa moja hapo hukata orodha ya nchi ishirini ikabaki tano.

Kwa hizo tano, tafuta majibu haya kwa mwanasheria na benki za huko, usiridhike na vipeperushi vya wakala wa uwekezaji:

- Mwekezaji wa nje anaruhusiwa kutoa gawio na mtaji wake kwa sarafu ya kigeni? Na je, benki zinazo hizo dola, au kuna foleni ya miezi? Sheria inaweza kuruhusu na dola zisipatikane.
- Kuna bei moja ya kubadilisha fedha, au ya benki ni nyingine na ya mtaani ni nyingine? Pengo likiwa kubwa, jua kwamba siku moja litazibwa, na atakayelipa ni mwenye faida iliyolala benki.
- Kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, ni asilimia ngapi kwenye gawio, riba na mrabaha (malipo ya kutumia jina au ujuzi wako), na nchi yako ina mkataba nao wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili?
- Wametia saini Mkataba wa New York wa 1958 unaotambua maamuzi ya wasuluhishi wa nje? Nchi zaidi ya 170 zimo.

Hili la sarafu nalisisitiza kwa sababu ndilo linalowaangusha hata wakubwa. Juni 2023 Nigeria iliiachia naira itafute bei yake sokoni, nayo ikaporomoka. MTN Nigeria, tawi la kampuni ya Afrika Kusini, ikafunga mwaka huo kwa hasara ingawa wateja wake walikuwa wanaendelea kupiga simu na kutumia intaneti kama kawaida. Julai 2024 ikawa zamu ya birr ya Ethiopia, ambako Safaricom na washirika wake walikuwa wamelipia leseni dola milioni 850 mwaka 2021 na kuwasha mtandao Oktoba 2022. Ndani ya miezi michache birr ikapoteza karibu nusu ya thamani yake dhidi ya dola.

Kwa hiyo fanya hesabu mbili. Ya kwanza kwa bei ya leo ya sarafu. Ya pili kwa sarafu iliyoshuka nusu. Ukiweka dola 1,000,000 ukapata faida ya asilimia 20 kwa fedha ya huko, na sarafu ikashuka nusu, faida yako ni dola 100,000, na fedha zako zilizokaa kwa sarafu ile zimebaki nusu. Mpango usiohimili hesabu ya pili uhamie nchi nyingine, au ubadilishwe uwe wa kuuza tu bila kuwekeza.

Kuhusu umbali: mwaka 1977 Wasweden wawili, Jan Johanson na Jan-Erik Vahlne, walieleza jinsi kampuni zinavyoanza na nchi za karibu kwa lugha, sheria na desturi, kisha hujifunza na kusogea mbali kidogo kidogo. Nadhani kwa kampuni nyingi hiyo bado ndiyo njia salama. Wapo walioigeuza. Haier, kampuni ya vifaa vya nyumbani ya Qingdao, ililenga kwa makusudi masoko magumu ya Ulaya na Marekani mapema, kwa hoja kwamba atakayekubalika huko atakubalika kokote. Fuata njia hiyo kama shabaha yako ni kulazimisha ubora wako kupanda, na una fedha za kusubiri.

Hatua ya 3: Ingia kwa mlango mdogo

Haier haikuingia Marekani na majokofu makubwa kushindana na wenyeji. Iliingia na friji ndogo za vyumba vya wanafunzi na ofisi, na kabati za kuhifadhia mvinyo, bidhaa ambazo wakubwa hawakuzihangaikia. Ilipojenga kiwanda South Carolina karibu na mwaka 2000, maduka yalikuwa yameshalijua jina lake. Mwaka 2016 ndipo iliponunua biashara ya vifaa vya nyumbani ya General Electric kwa zaidi ya dola bilioni 5.

Mlango mwingine ni watu wa kwenu walioko ughaibuni. Jollibee ya Ufilipino ilifungua mgahawa wake wa kwanza wa Marekani mwaka 1998 huko Daly City, California, mji wenye Wafilipino wengi. Foleni ilikuwa ya uhakika. Shida ya mlango huu ni kwamba unadanganya: ndugu zako watanunua kwa sababu ya kumbukumbu, nawe utadhani umeliteka soko. Tangu mwezi wa kwanza tenganisha kwenye hesabu mauzo ya wenyeji na ya watu wa kwenu. Mauzo ya wenyeji yasipopanda, ulicho nacho ni duka la jamii, ambalo si baya, ila usikope fedha za kujenga matawi hamsini kwa takwimu zake.

Kisha chagua namna ya kuingia. Wakala anakutafutia wateja na kulipwa kamisheni, mzigo na hatari vinabaki kwako. Msambazaji ananunua mzigo wako na kuuza kwa jina lake, unalala usingizi lakini humjui mteja wa mwisho. Leseni inampa mtu haki ya kutengeneza bidhaa yako kwa mrabaha. Ubia unagawana mtaji na maamuzi. Kampuni tanzu ni yako yote, na matatizo yake pia. Anza na njia unayoweza kuifunga bila kufukuza wafanyakazi. Chunguza tu sheria ya huko, kwa sababu kumwacha wakala si bure kila mahali. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, agizo la mwaka 1986 linampa wakala haki ya kulipwa fidia mkataba unapovunjwa. Usisaini mkataba wa wakala pekee wa nchi nzima kwa mtu ambaye hajauza hata katoni moja. Mpe mkoa mmoja, mwaka mmoja, na kiwango cha mauzo kinachopimika.

Hatua ya 4: Karatasi zitangulie kontena

Sajili alama yako ya biashara kabla ya kuionyesha kwenye maonyesho yoyote. Nchi nyingi, China ikiwemo, humpa haki aliyetangulia kuomba, hata kama wewe umeitumia kwenu miaka ishirini. Ukiomba nyumbani kwanza, Mkataba wa Paris wa kulinda alama na uvumbuzi unakupa miezi 6 ya kuomba kwingine huku ukihesabiwa tarehe ile ya kwanza. Mfumo wa Madrid, unaosimamiwa na WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, hukuwezesha kuomba nchi nyingi kwa fomu moja, mradi nchi yako ni mwanachama. Hakikisha mmiliki anayeandikwa ni kampuni mama. Msambazaji akijitolea kukusajilia kwa jina lake ili kukupunguzia usumbufu, kataa kwa adabu.

Thibitisha msimbo wa forodha. Tarakimu 6 za mwanzo zinafanana duniani karibu kote, zinazofuata kila nchi inajipangia, na ushuru hukaa kwenye hizo za mwisho. Omba uamuzi wa maandishi wa forodha ya huko kabla ya kutuma mzigo mkubwa.

Halafu kuna asili ya bidhaa, mahali ambapo unafuu mwingi hupotea bure. Nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo huingiza Umoja wa Ulaya karibu kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru, tangu mwaka 2001. Lakini bidhaa lazima itambulike kuwa ni ya kwenu. Kwa nguo, tangu 2011 nchi hizo zinaruhusiwa kushona kwa kitambaa kilichotoka nje na bado nguo ikahesabiwa yao. Nchi inayoendelea ambayo haimo kwenye kundi hilo kwa kawaida hudaiwa zaidi, kitambaa nacho kifumwe kwao. Mashine zilezile, mafundi walewale, na ushuru tofauti kabisa. Weka ankara za malighafi kwa mpangilio, kwa kuwa forodha inaweza kurudi kukagua baada ya miaka.

Viwango vya ubora vina gharama ya kwanza na gharama ya kudumu. Ya kwanza ni kupimwa. Ya kudumu ni kuweka kumbukumbu za kweli kila siku. Mwaka 2013 tawi la Marekani la Ranbaxy, kampuni ya dawa ya India, lilikiri makosa ya jinai na kukubali kulipa dola milioni 500, katika kesi iliyohusu dawa zisizokidhi viwango na taarifa za uongo kwa wakaguzi. Uongo wa kiwandani nyumbani ulihukumiwa ng'ambo ya bahari.

Hatua ya 5: Panga malipo

Mnunuzi mpya usimtumie mzigo kwa ahadi. Omba malipo ya awali, au tumia barua ya mkopo ya benki, ile wafanyabiashara wanayoiita LC, ambayo ni ahadi ya benki ya mnunuzi kukulipa ukileta hati zilizotajwa. Elewa kitu kimoja kuhusu LC: benki hulipa kwa kutazama karatasi, haitazami mzigo. Mzigo unaweza kuwa safi na usilipwe kwa sababu jina la meli limeandikwa tofauti kwenye hati mbili. Chini ya UCP 600, kanuni za kimataifa za LC, benki ina hadi siku 5 za kazi kukagua hati, na kama barua haikutaja muda mwingine, hati zifike ndani ya siku 21 tangu mzigo upakiwe. Mteue mtu mmoja ofisini ambaye kazi yake ni kusoma kila neno la LC siku inapofika na kudai marekebisho palepale, kabla ya lori kutoka kiwandani. Benki iliyotoa barua ikiwa dhaifu, tafuta benki ya pili ya kuithibitisha.

Masharti ya usafirishaji yapo 11 katika Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za nani analipa na kubeba nini, na mawili yanaleta ugomvi kuliko mengine. La kwanza ni CIF, ambapo bei ina nauli na bima ndani yake. Wengi hudhani kwamba hapo hatari ya mzigo inabaki kwa muuzaji hadi bandari ya mwisho. Sivyo. Wewe unalipa nauli na bima, lakini hatari inahamia kwa mnunuzi mzigo ukishapakiwa melini. La pili ni DDP, ambapo muuzaji hulipa hadi ushuru wa kuingiza, katika nchi ambayo pengine hujasajiliwa na huna namba ya mlipakodi. Ukiombwa DDP kwenye oda ya kwanza, jibu kwa bei ya sharti jingine.

Kopa na kuuza kwa sarafu moja kadiri unavyoweza. Mkopo wa dola uliotegemea mauzo ya sarafu dhaifu ndio ugonjwa uliowaua wengi kimya kimya.

Hatua ya 6: Mshirika

Katika miaka ya 1980 Jollibee ilijaribu Singapore kwa kushirikiana na mwenyeji. Wakagombana kuhusu usimamizi na ubora, duka likafungwa, na jina hilo halikurudi huko hadi 2013. Ugomvi wa aina hii huanza kwenye mambo ambayo hayakuandikwa: nani anaajiri meneja wa fedha, nani anasaini hundi, malighafi itatoka wapi, faida itagawanywa au kurudishwa kwenye biashara. Yaandike. Andika pia namna ya kuachana: bei ya hisa itapigwaje, jina litabaki kwa nani, shauri litasuluhishwa wapi.

Kagua madeni yake, kesi zake, na wabia wake wa zamani. Waulize hao wa zamani moja kwa moja. Mshirika anayejivunia mno kumjua waziri nakushauri umwogope, kwa maana mawaziri hubadilika.

Hatua ya 7: Kununua kampuni, kama ni lazima

Kununua hukupa jina, teknolojia na wateja siku moja. Tata Tea ilinunua Tetley ya Uingereza mwaka 2000 kwa pauni milioni 271, kampuni kubwa kuliko yenyewe, na ikaimudu. Natura ya Brazil ilinunua The Body Shop mwaka 2017 kwa karibu euro bilioni 1, na mwishoni mwa 2023 ikakubali kuiuza kwa pauni milioni 207.

Cemex ya Mexico ndiyo ya kuisoma kwa makini. Ilikuwa bingwa wa kununua viwanda vya saruji na kuvinyoosha haraka, tangu ilipoingia Hispania mwaka 1992. Mwaka 2007 ikanunua Rinker ya Australia, yenye biashara kubwa Marekani, kwa zaidi ya dola bilioni 14, sehemu kubwa ikiwa mkopo. Ujenzi wa nyumba Marekani ukaanguka mara moja baadaye. Mwaka 2009 Cemex ilikuwa inajadiliana upya na benki madeni ya takriban dola bilioni 15, na ikauza mali zake za Australia. Ustadi wake haukupungua. Iliponzwa na deni, na wakati mbaya. Sharti langu kwa yeyote anayenunua: ulipaji wa mkopo usitegemee kampuni iliyonunuliwa kufanya vizuri mwaka wa kwanza.

Hatua ya 8: Serikali ya ugenini

Mgeni ni kuku mweupe. Kosa ambalo mwenyeji huonywa, mgeni hutozwa. Oktoba 2015 msimamizi wa mawasiliano wa Nigeria aliitoza MTN faini ya dola bilioni 5.2 kwa kuchelewa kuzima laini milioni 5.1 ambazo hazikusajiliwa ipasavyo. Baada ya mazungumzo marefu, mwaka 2016 ilishushwa hadi naira bilioni 330. Tarehe ya mwisho ya msimamizi si pendekezo. Tengeneza kalenda moja ya kila ripoti, leseni na kodi, na mkuu wa tawi aitazame kila Jumatatu. Rushwa iache kabisa: Uingereza kwa sheria yake ya 2010, na Marekani kwa ile ya 1977, zinaweza kukufuata kwa tendo lililofanyika nchi ya tatu kama una uhusiano wa kibiashara nazo.

Hatua ya 9: Watu

Mkuu wa fedha atoke nyumbani, mkuu wa mauzo awe mwenyeji. Mengine yatajipanga. Usimpeleke nje mtu aliyekushinda kumsimamia ofisini.

Hatua ya 10: Weka kikomo kabla ya kuanza

Bodi iamue kwa maandishi, kabla ya dola ya kwanza kutoka, kiasi cha juu cha kupoteza na tarehe ya kuamua. Kikifikiwa, kikao kiitishwe ndani ya mwezi, na anayetaka kuendelea ndiye atoe hoja, si anayetaka kufunga. Kufunga nako kuna gharama zake: mafao ya wafanyakazi, kuvunja pango, kukagua hesabu, kupata cheti cha kutodaiwa kodi. Ziwekee akiba tangu mwaka wa kwanza. Na hata mkifunga, endeleeni kulipia usajili wa alama yenu. Katika nchi nyingi alama isiyotumika miaka 3 au 5 mfululizo inaweza kufutwa mtu akiomba, kwa hiyo muulizeni mwanasheria matumizi madogo kabisa yanayotosha kuilinda, kama vile kumuuzia msambazaji katoni chache kila mwaka.